Kifuniko Kilipobaki Juu

Nashipae aliponipigia simu nilikuwa juu ya ngazi, nje ya hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi hapa Kitengela, nikimwonyesha mteja tangi jipya la plastiki. Mteja alikuwa ameniuliza swali wanaloliuliza wote: akilijaza, maji yatakaa muda gani. Nami nilikuwa nimempa jibu ninalowapa wote, kwamba afungue juu aangalie kila asubuhi, asiamini ubavu wa tangi wala maneno ya mtu anayemuuzia. Aliniangalia kama mtu anayejiuliza ni nani aliyeniajiri. Ndipo simu ikalia, na kwenye kioo kukawa na jina ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka saba. Nashipae hakunisalimia. "Mwende, Yeyo ameenda," alisema. "Tunazika Jumamosi. Nimeona tu ujue." Nikasema pole, akasema asante, kisha laini ikakatika, sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao.

Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na ndivyo nilivyomwita mama yake Nashipae mwaka ule niliokaa kwake, ng'ambo ya mji wa Kajiado, pale barabara ya vumbi inapoachana na lami kabla hujafika Bissil. Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa mitambo, na sikuwa na kazi. Mimi na Nashipae tulikuwa tumelala chumba kimoja hosteli kwa miaka minne. Yeye alisomea ualimu, akapata nafasi ya muda katika shule moja mjini Kajiado, na akaniambia kwamba badala ya kukaa mjini nikisumbua watu na maswali, heri niende kwao nikasumbue ng'ombe. Maswali ndiyo yaliyokuwa sifa yangu. Nilishafukuzwa kwenye kikundi cha Biblia kwa kuuliza nani aliyekuwepo kuandika maombi yaliyofanywa faraghani. Nilishamuuliza mhadhiri mbele ya darasa kama yeye mwenyewe aliwahi kushika pampu anayotufundisha. Niliamini kutilia shaka ni kipaji, na kwamba mtu mwenye kipaji hicho hawezi kudanganywa. Sasa naona kwamba nilikuwa nikitilia shaka vitu vya watu wengine tu.

Nyumba ya Yeyo ilikuwa ya mabati, vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati kama mstari wa kiganja. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na vibuyu vya maziwa vilivyoning'inia vikinuka moshi wa mkaa wa kuvisafishia. Kando ya mlango, juu ya misumari miwili, ililala fimbo ndefu ya mzeituni mwitu, nyeusi kwa kushikwashikwa, yenye alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Kila asubuhi, baada ya kukamua na kabla ya chai, Yeyo aliitwaa fimbo hiyo, akaenda kwenye tangi nyuma ya boma, akapanda ngazi ya vyuma, akaitumbukiza hadi iguse chini, akaitoa na kuangalia unyevu umefika wapi. Kisha aliipangusa kwa pindo la shuka lake na kuirudisha ukutani. Siku ya kwanza nilimfuata. Alinisalimia, "Takwenya," nikajibu "Iko" kama Nashipae alivyonifunza, akacheka matamshi yangu, kisha akanieleza alama zile kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. Maji yakiwa juu ya alama ya kwanza, wote wanakunywa, hata ng'ombe wa jirani. Yakishuka chini ya hiyo, wanakunywa wetu tu. Yakifika ya katikati, kundi linaondoka siku iyo hiyo, watu na ndama peke yao wanabaki. Na ya chini?

"Hiyo ya chini ni ya tangi," alisema. "Hata yeye anakunywa. Ukimwachia kavu, anapasuka."

Tangi lenyewe lilikuwa la mawe na saruji, la duara, pana kuliko nyumba, refu kuliko mtu, na halikuwa na paa. Lilijengwa na mradi fulani kabla Nashipae hajazaliwa, likikusanya maji ya mvua yaliyoteremka juu ya jabali lililo nyuma yake. Maji yalitoka kwa bomba la chini, ukifungua koki yanaingia kwenye birika la kunyweshea. Nilitaka kujua linabeba lita ngapi, hakuna aliyejua. Nilitaka kujua ng'ombe ni wangapi ili nipige hesabu, na Yeyo akaniuliza kama chai yangu imepoa. Nashipae alinivuta kando akicheka, akaniambia huku ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mtu husimama langoni jioni wakiingia, na asiyeingia anajulikana kwa rangi na pembe zake. Nikamuuliza kama kutohesabu kumewahi kuzuia ng'ombe kufa. Akasema, "Wewe ongea tu, lakini usiongee hivyo mbele ya Yeyo." Chai ya wakati ule ilikuwa nyeupe, nzito, yenye utando juu, na tuliinywa na chapati zilizokunjwa mara nne. Naikumbuka rangi ya chai ile kuliko ninavyokumbuka sura za watu.

Nilichogundua kwa fimbo ya Yeyo, na hili ni kweli hata leo, ni kwamba maji yalishuka hata siku ambazo koki haikufunguliwa. Karibu upana wa kidole kila baada ya siku mbili, wakati kundi lilipokuwa limeenda kunywa kwenye mabwawa ya mbali. Saitoti, kaka yake Nashipae aliyechunga kundi, alisema ni ufa. Yeyo alisema ni nyani. Mimi nikasema ni jua. Nikachukua makarai mawili, nikayajaza sawasawa, nikatia alama kwa msumari, moja nikaliacha wazi na jingine nikalifunika kwa kipande cha nailoni kilichoelea juu ya maji yenyewe. Siku ya tatu mbuzi alikunywa lile la wazi na Saitoti akatangaza kwamba utafiti umekamilika. Nikarudia, nikayaweka juu ya paa. Baada ya juma moja nikamwita Yeyo. Alipanda juu ya kiti, akachungulia karai moja, akachungulia la pili, akarudi la kwanza, akatia kidole. Akashuka, akarudi kwenye kazi zake. Lakini jioni nilimsikia jikoni akimweleza jirani kwa Kimaasai, na katikati ya maneno nisiyoyajua nikasikia neno "Injinia," nikajua ni mimi.

Wazo la kifuniko sikulibuni. Nilikuwa nimefanya mafunzo ya kazini miezi mitatu kwenye bohari ya mafuta Nairobi, na huko niliona matangi makubwa ambayo mapaa yake hayakai juu ya ukuta bali juu ya petroli yenyewe. Mafuta yakipanda, paa linapanda. Yakishuka, linashuka nayo, na kwa vile hakuna nafasi kati ya paa na mafuta, hakuna mvuke unaopotea. Niliona ni kitu kizuri mno, kama mtu aliyelijibu swali kabla halijaulizwa. Kulikuwa na mzee mmoja, Were, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye kila asubuhi alipanda hadi ukingoni, akashuka juu ya lile paa na kuteremsha utepe wa chuma kupitia tundu dogo, akapima mafuta kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua wakati paa lenyewe linaonyesha mafuta yalipo. Aliniangalia kwa huruma. "Paa ni chuma, mama," alisema. "Chuma haijui mafuta iko wapi. Inaweza kukwama ikakaa hapo juu, na wewe chini unafurahi." Nikamuuliza imewahi kukwama mara ngapi. Akasema hapo kwao, bado. Nikacheka, nikaandika kwenye daftari langu la mafunzo kwamba upimaji wa mkono ni desturi iliyopitwa na wakati. Msimamizi alinipa alama nzuri.

Februari, tangi likiwa bado karibu kujaa kwa mvua za mwisho wa mwaka, nilikwenda Kitengela nikarudi na pikapu iliyojaa mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia, mitupu, iliyofungwa vifuniko. Tuliifunga kwa waya kwenye fremu za mbao, tukazibeba vipande vipande hadi juu ya ukuta, tukaziunganisha juu ya maji hadi zikawa duara moja, na juu yake nikatandaza turubai. Tatizo lilikuwa ukingoni, kwa sababu pengo kati ya kifuniko na ukuta ndimo jua lingenyonya. Hapo ndipo nilipojiona hodari. Nilizungusha tyubu za pikipiki zilizotiwa upepo, zikabana vizuri dhidi ya saruji, laini kiasi cha kuteleza. Nilikuwa nimepima upana wa tangi kwa kamba, mara tatu, kutoka pande tofauti. Nilipima pale juu. Tangi lilikuwa limejaa. Nilipima mahali nilipoweza kuona. Wanawake wa maboma ya karibu walikuja kutazama, na Saitoti akasimama juu ya ngazi, mikono kiunoni, akasema, "Injinia umetandikia vyura kitanda." Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote.

Na kilifanya kazi. Sitaki mtu adhani hakikufanya kazi. Nilikuwa nimeacha tundu katikati kwa ajili ya fimbo, na kila asubuhi Yeyo alitembea juu ya kifuniko kwa tahadhari, mitungi ikilia chini ya miguu yake, akatumbukiza fimbo yake na kurudi akitikisa kichwa kwa mshangao. Siku ambazo koki ilifungwa, maji hayakushuka kabisa. Machi ikapita bila mvua. Aprili ikaleta mawingu yaliyokaa juu ya milima ya ng'ambo na kurudi yalikotoka. Nyasi zikaisha, mabwawa ya mbali yakawa matope, kisha ufa, na kundi likawa linarudi kunywa kwetu. Chai ikaanza kupungua weupe. Hapo ndipo niliposikia kuhusu shindano la vijana wavumbuzi jijini, nikatuma picha, na wakanijibu kwamba wangependa kuona mfumo uliokamilika. Nikaliangalia lile tundu la fimbo. Jua lilipita hapo. Kwenye picha lilionekana kama kiraka. Nikaliziba kwa mtungi mmoja na kipande cha turubai, nikashona, nikamwambia Yeyo kwamba hahitaji tena kutembea juu ya mitungi, mguu utateleza. Achungulie tu kutoka kwenye ngazi. "Pale kifuniko kilipo, ndipo maji yalipo," nilimwambia. Alirudia maneno hayo polepole ili ayashike. Nikachukua kamba ya nailoni, nikaining'iniza ukutani kwa ndani ikiwa na mafundo matatu badala ya alama zake, kwa kipimo cha fimbo yake mwenyewe. Niliona hata hiyo ni heshima.

Mwezi wa Mei familia za jirani zilianza kuondoka. Asubuhi moja nilikuwa bado kitandani, Nashipae kando yangu kwa sababu ilikuwa Jumapili, na nje Saitoti na mama yao walikuwa wakibishana kwa sauti za chini huku maziwa yakigonga kibuyu, mlio mfupi, mkavu, usiofanana na ule wa Januari. Nilimwomba Nashipae anitafsirie. Akanong'ona kwamba Saitoti anataka kuhamisha kundi sasa, wakati ng'ombe bado wana nguvu ya kutembea, kuelekea upande wa Chyulu ambako wamesikia kuna majani. Yeyo anasema maji bado yako juu ya alama ya katikati, na njiani ndama watakufa, na wakibaki watapata nyasi za kununua. Saitoti anasema mwaka mwingine wowote maji yangeshafika katikati wakati huu. Yeyo anasema mwaka mwingine hakukuwa na kifuniko. Saitoti akasema kitu kifupi na Nashipae akasita. "Amesema nini?" niliuliza. "Amesema kifuniko hakijawahi kuchunga ng'ombe," alisema. Nikageukia ukuta, nikatabasamu. Nilidhani nimeshinda mabishano.

Juni nilihamia Kitengela kujitayarisha, chumba cha mabati nyuma ya duka la unga, kitanda, jiko la gesi, na meza ya kukopa ambayo niliijaza michoro. Nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, siku nne mfululizo, nikipasha moto sufuria ile ile, kwa sababu sikutaka kupoteza muda. Upande wa pili wa ukuta mwenye nyumba na dada yake walizungumza kutwa kuhusu bei ya maji ya boza, lori linalouza maji, na mimi nikiwasikiliza nikaona kama wanasema kuhusu mimi, kuhusu dunia itakavyonihitaji. Jumapili moja ya Julai simu ikalia, namba ya Nashipae, lakini ilikuwa sauti ya Yeyo. Alikuwa amefurahi. Maji hayashuki, alisema. Kifuniko kimekaa pale pale, juma la pili sasa. Amewakaribisha watu wa upande wa chini, ng'ombe wao walikuwa wakianguka, na utamnyimaje mtu maji ukiwa nayo. Hata hivyo kimekaa pale pale.

Nimeirudia simu hiyo kichwani kwa miaka saba na kila mara nasubiri msichana niliyekuwa aulize. Makundi mawili yanakunywa kutoka tangi moja na maji hayashuki. Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Mimi, niliyewauliza watu wa Biblia nani aliyekuwepo kuandika maombi, nilisema, "Si nilikuambia, Yeyo?"

Akacheka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kitu kidogo, "Enkerai ai, mwanangu, nitoboe kidogo niweke fimbo? Niangalie tu."

"Usitoboe, Yeyo," nilisema. "Ukitoboa utakiharibu. Wanakuja kukiona mwezi ujao."

"Sawa," alisema. "Wewe ndio umesoma."

Siku kumi baadaye Saitoti alinipigia. Hakuniita Injinia. Alisema koki inatoa upepo. Nilifika saa sita mchana, na jambo la kwanza nililoliona ni ng'ombe, wamejazana kwenye birika, wamesimama bila kugombana kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kugombana, na wengine wamelala ambao hawakuwa wamelala kwa kutaka. Nilipanda ngazi. Kifuniko changu kilikuwa kizuri kama siku nilipokiacha, kimenyooka, kimekaa kidogo tu juu ya alama ya katikati. Nikashuka juu yake. Mitungi haikulia wala kuyumba. Ilikuwa kama kukanyaga sakafu. Nikalala kifudifudi, nikasukuma tyubu kando kwa vidole, nikachungulia. Chini kulikuwa na giza, ubaridi, na harufu ya matope, na ukuta ulikuwa umevimba kuja ndani. Miaka fulani ya nyuma mafundi walikuwa wameongeza saruji kuziba nyufa, lipu juu ya lipu, na kutoka pale katikati kwenda chini tangi lilikuwa jembamba kuliko lilivyo juu. Maji yalikuwa yamekifikisha kifuniko hapo, kikakwama, na maji yakaendelea na safari yao peke yao. Turubai langu lilikuwa limetunza kivuli juu ya tangi tupu.

Saitoti alipanda na panga. Hakunisukuma, alinishika mkono akanirudisha kwenye ngazi, kisha akazunguka ukingoni akipasua tyubu moja baada ya nyingine, zikitoa pumzi, hadi upande mmoja ukalegea na yeye akarukia ngazini. Kifuniko kizima kikaanguka. Mitungi ile mitupu ilipiga sakafu ya tangi kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani, na ng'ombe waliokuwa wamelala wakainuka, wale walioweza, wakaja kwenye birika. Walikuwa wamesikia sauti ya mitungi maisha yao yote na walijua inamaanisha nini.

Waliondoka kesho yake kuelekea Chyulu, miezi miwili wakiwa wamechelewa. Mimi sikwenda kwenye shindano. Nilikaa na Yeyo, sijui kwa nini hakunifukuza. Tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na ugali na sukuma wiki iliyochemshwa kwa maji machache ya boza, na hatukuzungumza kuhusu tangi. Vibuyu vilikauka ukutani, harufu ya moshi ikaisha. Tangi nalo, kama alivyokuwa ameniambia siku ya kwanza, lilipasuka. Tulisikia jioni moja, mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika. Saitoti alirudi Oktoba. Yeyo alisimama langoni kama kila jioni ya maisha yake, akawaangalia wakiingia, na ilichukua muda mfupi sana. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akinyoosha kidole, akikisogeza kutoka pembe hadi pembe, kisha akasema kwa mdomo, kwa Kiswahili, kana kwamba ananijibu swali nililouliza Januari.

"Kumi na moja."

Kesho yake nilipanga nguo zangu nikaondoka. Mvua zilikuja Novemba, nzuri, zilizojaza kila shimo la Kajiado isipokuwa lile tangi. Niliambiwa hayo, sikwenda kuona.

Jumamosi nilikwenda. Aliyekuwa akiwapokea wageni langoni ni Saitoti, ndani ya sweta ya buluu ya kampuni ya ulinzi, kwa sababu alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu. Analinda geti la mtaa mmoja hapa Kitengela. Kumbe nimekuwa nikipita barabara ile kila juma. "Karibu, Injinia," alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake, na hilo ndilo lililoniuma. Hapakuwa na ng'ombe bomani. Palikuwa na mitungi ya manjano, imepangwa mstari kando ya boza lililoleta maji ya kupikia wageni, na kwenye mingine bado kulikuwa na waya wangu shingoni. Baada ya kuzika, wanawake walipokuwa wakigawa chai, Nashipae alinishika kiwiko tukaenda nyuma, hadi kwenye tangi. Amenenepa, ana miwani, ni naibu wa mwalimu mkuu. Alikuja na fimbo ya mama yake. Akaniambia Yeyo aliendelea kupima kila asubuhi, miaka saba, tangi likiwa kavu. Aliitumbukiza, akaitoa, akaipangusa, akarudi kunywa chai.

"Hakuwahi kukulaumu," alisema. "Alisema wewe ulikuwa mtoto. Alisema fimbo ilikuwa ukutani siku zote hizo na ni yeye hakuishika."

Nilikuwa nimebeba neno moja kutoka Kitengela na nikaona nisipolitoa hapo sitalitoa tena. Nikamwambia kuhusu simu. Nikamwambia Yeyo aliniuliza kama atoboe, na mimi nikamkataza, kwa ajili ya picha na wageni. Nashipae hakushtuka. Alikuwa akiangalia juu ya ukuta.

"Najua," alisema. "Yeyo alikuwa anakamua. Mimi ndio nilimshikia simu."

"Ulisikia?"

"Yote. Na alivyomaliza akaniuliza, sasa wewe unaonaje? Nikamwambia asikilize wewe." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa tena. "Kila mwaka nilisema nitamwambia si makosa yake. Nikifika hapa, nanyamaza. Angeniuliza, basi ni ya nani?"

Hatukushikana mikono wala kulia. Tungelia, ingekuwa kwa ajili yetu. Nilimwomba fimbo, nikapanda ngazi. Ndani, juu kidogo ya fundo la katikati la kamba yangu iliyokuwa bado inaning'inia, tyubu zilikuwa zimeacha mviringo mweusi ukutani, ulionyooka kabisa, kazi safi. Chini yake saruji ilikuwa na nyufa, na katika ufa mmoja kulikuwa na majani makavu. Nikateremsha fimbo hadi ikagonga chini. Nikaitoa nikaangalia. Alama zote tatu zilikuwa kavu. Nikaipangusa kwa pindo la shati langu, nikashuka, nikairudisha kwenye misumari yake kando ya mlango.